Usiku Mwezi Ulipokawia Kivulini

Kaeni vizuri, wanangu, niwasimulie safari ya usiku mmoja. Msafiri ni mwezi, na usiku wenyewe ni ule wa Ijumaa, tarehe 27 Julai 2018. Baadhi yenu mlikuwa bado mnabebwa mgongoni, wengine hamjazaliwa.

Jioni ile jua lilipokuwa likizama, mwezi mpevu ulikuwa ukichomoza upande wa pili. Huo ndio utaratibu wake. Mwezi hauna mwanga wa kwake. Huangazwa na jua. Ukiwa karibu na upande lilipo jua, sehemu yake yenye mwanga hutupa mgongo, nasi tunaona ule ukingo mwembamba tu wa mwezi mchanga, unaozama muda mfupi baada ya jua. Ukiwa upande wa pili kabisa, dunia yetu ikiwa katikati, tunauona uso wake wote unang'aa. Basi usiku ule jua lilikuwa huku, mwezi kule, na sisi kati yao.

Najua mtoto makini atauliza: kama dunia huwa katikati kila mwezi unapojaa, mbona kivuli chetu hakiufuniki kila mara? Swali zuri sana hilo. Lazeni ringi ya baiskeli sakafuni, kisha pachikeni ringi nyingine ndani yake, muiinamishe kidogo, upande mmoja ukae juu na mwingine chini. Kivuli cha dunia hupita kwenye ile iliyolala. Mwezi husafiri kwenye ile iliyoinama. Mwinamo wake ni nyuzi 5 hivi tu, lakini unatosha. Mara nyingi mwezi mpevu hupita juu ya kivuli, au chini yake, bila kuguswa. Ringi hizo hukutana mahali pawili tu, na mwezi ukijaa ukiwa karibu na mojawapo, hapo hauna pa kupenya.

Usiku ule mwezi ulikuwa karibu kabisa na mojawapo ya makutano hayo.

Ilipofika saa 3:24 usiku, kwa saa za Afrika Mashariki, ukingo wa mashariki wa mwezi ulianza kumegwa. Hapa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo penye utamu wa kisa hiki. Kila siku tunauona mwezi ukitoka mashariki kwenda magharibi, lakini mwendo huo si wake. Ni dunia inayozunguka na kutuzungusha sisi. Mwendo wake halisi ni wa kutoka magharibi kwenda mashariki, polepole, kiasi cha upana wake mwenyewe kwa saa moja. Siku za kawaida ni vigumu kuuona mwendo huo kwa macho, isipokuwa uulinganishe na nyota iliyo jirani. Usiku wa kupatwa kwa mwezi, yaani unapofunikwa na kivuli cha dunia, mwendo huo unaonekana waziwazi. Kivuli kimekaa mkabala na jua, na mwezi unakiingia wenyewe kwa kutanguliza ubavu wake wa mashariki. Aliyeutazama usiku ule aliona mwezi ukitembea.

Saa 4:30 ukazama wote kivulini. Haukupotea, bali uligeuka mwekundu kama shaba. Wekundu huo ulitoka kwetu. Mwanga wa jua uliopenya hewa inayoizunguka dunia ulipindishwa ndani ya kivuli, rangi ya buluu ikatawanywa njiani, nyekundu ikafika. Mwezi ulikuwa umeangazwa na mapambazuko yote na machweo yote ya dunia kwa wakati mmoja. Kusini yake kidogo ilikuwapo Mirihi, nyekundu nayo, iking'aa kuliko miaka mingi iliyotangulia kwa sababu ilikuwa imetukaribia. Na kwa sisi wa Kenya na Tanzania mwezi ulikuwa juu sana, karibu na utosi.

Kisha ukakawia. Ulikaa ndani ya kivuli saa 1 na dakika 43, hadi saa 6:13 usiku. Katika karne hii yote ya 21 hakuna kupatwa kikamilifu kwa mwezi kutakakodumu kwa muda mrefu hivyo. Kwa nini?

Kwanza, ulipita karibu na katikati ya kivuli, palipo papana zaidi. Upana wa kivuli hicho kule uliko mwezi ni kilomita 9,000 hivi, na mwezi wenyewe una kilomita 3,474. Pili, njia ya mwezi ni duaradufu, si duara kamili. Kwa wastani uko kilomita 384,400 kutoka kwetu, lakini asubuhi ya siku ile ulikuwa umefika mwisho wa umbali wake, zaidi ya kilomita 406,000. Na mwezi ukiwa mbali hupunguza mwendo. Ulikuwa umejaa, uko makutanoni, na uko mbali: mambo matatu kwa usiku mmoja.

Linganisheni na tarehe 7 Septemba 2025, tulipouona tena ukipatwa. Safari hiyo ulikuwa karibu zaidi nasi, wenye kasi, na ulipita mbali kidogo na katikati ya kivuli. Dakika 82 tu, ukatoka.

Sasa zamu yenu. Jumapili, tarehe 31 Desemba 2028, jua likizama, simameni mahali pasipo miti mtazame mashariki. Mwezi utachomoza ukiwa umeshaanza kumegwa, na kuanzia saa 1:16 hadi saa 2:28 usiku utakuwa mwekundu wote. Hamhitaji miwani wala darubini. Mwezi haudhuru macho kama jua. Chukueni daftari na saa, mwandike unapoingia na unapotoka, kisha mhesabu wenyewe dakika zake.