Mbio pekee hazitoshi: Mazoezi ya nguvu ni kinga ya mkimbiaji wa kawaida

Kila mwisho wa wiki, kabla jua halijapanda, makundi ya wakimbiaji huonekana katika barabara za Mbweni, Manispaa ya Kinondoni, mkoani Dar es Salaam. Wapo watumishi wa ofisini, wafanyabiashara, wastaafu na vijana. Baadhi yao hufuata lami kuelekea Boko, wengine hupita njia za vumbi katikati ya makazi, na wengine huteremka ufukweni wakati maji yamekupwa na mchanga umeshikamana. Wengi wao hawatafuti medali wala zawadi ya fedha, wanatafuta afya.

Mwamko huo unakwenda sambamba na wito wa Serikali. Mwishoni mwa mwaka 2016, Mhe. Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya kuhamasisha mazoezi na kuelekeza Jumamosi ya pili ya kila mwezi itumike kwa ajili hiyo. Sababu ya wito ilikuwa wazi. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika mwaka 2012 ulionesha kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini alikuwa na shinikizo la juu la damu. Mbio za taratibu ni miongoni mwa njia nafuu za kujikinga na maradhi hayo, kwa kuwa hazihitaji ada wala uwanja.

Hata hivyo, kinga hiyo hudumu kwa yule anayeendelea kukimbia. Wapo wanaoanza kwa ari kubwa, kisha baada ya miezi michache wanakaa pembeni kwa sababu ya maumivu ya goti, ugoko, nyonga au kisigino. Maumivu yakipoa wanasita kurudi, na uzito uliokuwa umepungua hurejea. Sehemu ya majeraha hayo inaweza kuepukwa, na nyenzo mojawapo ambayo wakimbiaji wengi wa kawaida huiacha ni mazoezi ya kuimarisha misuli.

Pumzi hutangulia, kano hufuata

Mtu anayeanza kukimbia huona mabadiliko mapema. Ndani ya wiki chache moyo na mapafu huanza kuzoea kazi, na kilima kilichomtoa jasho mwezi uliopita hukipanda bila kusimama. Kano, yaani nyuzi imara zinazounganisha misuli na mifupa, pamoja na mifupa yenyewe, huimarika taratibu zaidi, kwa kipimo cha miezi. Hapo ndipo hatari ilipo. Mkimbiaji hujisikia ana pumzi ya kwenda kilomita 10, ilhali kano ya kisigino chake bado ni ya mtu wa kilomita 3.

Mzigo wenyewe si mdogo. Kila mguu unapotua wakati wa kukimbia, mwili hupokea kani inayofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wa mkimbiaji. Kwa mtu wa kilo 70, hiyo ni sawa na kilo 140 hadi 210 kwa kila hatua. Katika kilomita moja mkimbiaji wa mwendo wa taratibu hupiga hatua zipatazo 1,000 hadi 1,300. Misuli ya mapaja, makalio na mashavu ya miguu ndiyo inayopaswa kupokea sehemu kubwa ya mzigo huo. Ikiwa dhaifu au ikichoka mapema, mzigo huhamia kwenye goti, ugoko na unyayo.

Mazingira ya Mbweni yanaongeza sababu ya kujiandaa. Lami ni ngumu, lakini inatabirika. Njia za vumbi zina mashimo na mawe yanayohitaji kifundo cha mguu kilicho imara. Mchanga mkavu wa ufukweni humfanya mkimbiaji azame, na kila hatua huivuta kano ya kisigino zaidi ya kawaida. Ufukwe pia huinama kuelekea baharini, hivyo mguu mmoja hukaa chini kuliko mwingine. Mwenye misuli imara huyamudu mabadiliko hayo kwa urahisi zaidi.

Kazi ambayo zamani ilifanywa na maisha

Vizazi vilivyotangulia havikuhitaji kuambiwa wafanye mazoezi ya nguvu. Kuchota maji na kuyabeba kichwani, kutwanga kwa mchi na kinu, kulima kwa jembe la mkono na kupasua kuni ilikuwa kazi ya kila siku. Hadi leo wavuvi wa pwani hii husukuma ngalawa na kuvuta nyavu kwa nguvu za mikono, mgongo na miguu.

Mkazi wa leo anayefanya kazi katikati ya jiji ana maisha tofauti. Hukaa kwenye gari au daladala katika foleni ya Barabara ya Bagamoyo asubuhi, hukaa ofisini mchana kutwa, kisha hurudi kwa foleni ileile jioni. Misuli ya makalio na nyonga hupata kazi ndogo sana. Ikumbukwe pia kuwa misuli huanza kupungua polepole kadiri mtu anavyovuka umri wa miaka 30, na kasi ya upungufu huongezeka uzeeni. Mwili wa namna hiyo unapopelekwa moja kwa moja kwenye mbio za kilomita 21 kwa maandalizi ya wiki chache, haishangazi ukilalamika.

Kwa kutambua hilo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2020 unataja mambo mawili kwa watu wazima. La kwanza ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani yanayoshughulisha moyo na mapafu, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. La pili ni mazoezi ya kuimarisha misuli yote mikubwa ya mwili, angalau siku mbili kwa wiki. Mkimbiaji anayetimiza la kwanza peke yake amefanya nusu ya kazi.

Tafiti nazo zinaunga mkono msimamo huo. Mwaka 2014 watafiti wa Denmark walichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 25 yenye washiriki zaidi ya 26,000 wa michezo mbalimbali. Walibaini kuwa mazoezi ya nguvu yalipunguza majeraha ya michezo hadi chini ya theluthi moja, na kwamba majeraha yatokanayo na kutumika kupita kiasi yangeweza kupungua kwa karibu nusu kwa njia ya mazoezi. Washiriki hao hawakuwa wakimbiaji wa barabarani pekee, kwa hiyo takwimu hizo zisichukuliwe kuwa ahadi kwa kila mtu. Zinatosha, hata hivyo, kuonesha mwelekeo.

Siku mbili, nusu saa, dumu la maji

Mazoezi ya nguvu hayahitaji ukumbi wenye mashine. Uwanja wa nyumba, mkeka, ngazi imara na madumu ya maji vinatosha. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo dumu la lita 5 ni kilo 5, na la lita 10 ni kilo 10. Mkimbiaji anaweza kutenga siku mbili zisizofuatana, mathalani Jumatatu na Alhamisi, dakika 20 hadi 30 kila siku, na kufanya yafuatayo:

Kuchuchumaa na kuinuka. Miguu iachane kwa upana wa mabega, visigino visiondoke chini, na magoti yaelekee upande wa vidole vya miguu. Zoezi hili huimarisha mapaja na makalio.

Kupanda na kushuka ngazi. Mguu mmoja hukanyaga ngazi na kuuinua mwili wote, kisha mwili hushushwa taratibu. Kwa kuwa kukimbia ni kusimama kwa mguu mmoja baada ya mwingine, zoezi hili linakaribiana sana na kazi halisi ya mbio.

Kuinuka kwa vidole vya miguu. Mkimbiaji husimama karibu na ukuta, huinua visigino hadi juu na kuvishusha polepole. Hili ni zoezi la mashavu ya miguu na kano ya kisigino. Akizoea, afanye kwa mguu mmoja mmoja.

Kuinua nyonga. Mtu hulala chali, hukunja magoti, hukanyaga chini na kuinua nyonga mpaka kiwiliwili kinyooke, kisha hushuka taratibu.

Kujishikilia kwa viwiko. Mtu hulala kifudifudi, huinua mwili juu ya viwiko na vidole vya miguu, na kubaki amenyooka kwa sekunde 20 hadi 40. Misuli ya tumbo na mgongo ikiwa imara, mkimbiaji hapindi hata akichoka.

Pushapu. Asiyeweza kuzifanya sakafuni aanze kwa kuegemea ukuta au meza imara.

Isipokuwa lile la viwiko, kila zoezi lirudiwe mara 8 hadi 12, kwa mizunguko miwili au mitatu. Kipimo cha uzito unaofaa ni kwamba marudio mawili ya mwisho yawe magumu bila kuharibu mkao. Marudio 12 yakiwa rahisi, ndipo dumu la lita 5 liongezwe, na baadaye la lita 10. Anayeanza asikimbilie dumu la lita 20.

Misuli kuuma kwa siku moja hadi tatu baada ya zoezi jipya ni jambo la kawaida. Kwa sababu hiyo, haifai kuweka mazoezi mazito ya miguu siku moja kabla ya mbio ndefu. Mwenye shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo au ujauzito anashauriwa kumwona mtaalamu wa afya kabla ya kuanza, na kila mmoja aepuke kubana pumzi wakati wa kuinua mzigo.

Baadhi ya wakimbiaji huogopa kuwa mazoezi haya yatawafanya wawe wazito, na baadhi ya wanawake huhofia kupata misuli mikubwa. Hofu hiyo haina msingi. Misuli ya kunenepa huhitaji mizigo mizito, muda mrefu na chakula kingi zaidi. Katika wiki za mwanzo nguvu huongezeka hasa kwa sababu mishipa ya fahamu hujifunza kuitumia vyema misuli iliyopo.

Kujipima kwa kipimo sahihi

Jambo jingine linalowaumiza wakimbiaji ni kujilinganisha. Simu huonesha kasi ya kila kilomita, na makundi ya mtandaoni husambaza picha za umbali waliokimbia wenzao. Matokeo yake ni kwamba siku iliyopangwa kuwa ya mwendo mwepesi hugeuka mashindano.

Mfano wa Alphonce Simbu unasaidia kuliweka suala hili mahali pake. Tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, Simbu alikuwa Mtanzania wa kwanza kutwaa medali ya dhahabu katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Alimaliza marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde. Hiyo ni wastani wa takriban dakika 3 na sekunde 5 kwa kila kilomita. Mkazi wa Mbweni anayekimbia kilomita kwa dakika 7 hana haja ya kujipima kwa saa hiyo. Kilicho karibu naye zaidi ni subira: Simbu alipata shaba ya dunia jijini London mwaka 2017, na dhahabu ikamfikia miaka minane baadaye.

Habari ya John Stephen Akhwari nayo husimuliwa mara nyingi. Katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, Akhwari alianguka na kuumia goti, lakini aliendelea hadi mwisho na kumaliza wa mwisho kati ya wakimbiaji 57 waliofika, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Ujasiri huo ni fahari ya Taifa. Haifai, hata hivyo, kuutumia kama hoja ya kukimbia na jeraha katika mazoezi ya Jumamosi. Akhwari alikuwa akiiwakilisha nchi katika siku isiyorudi. Mkimbiaji wa kawaida anayo Jumamosi nyingine. Inafaa pia kukumbuka kuwa safari ya Akhwari haikuishia pale: mwaka 1970 alishika nafasi ya tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh.

Kipimo kinachomfaa mkimbiaji wa kawaida ni rahisi. Katika siku nyingi za wiki aweze kuzungumza sentensi nzima wakati anakimbia. Umbali uongezwe kidogo kidogo, na wiki ya mwili kuchoka ipunguzwe mzigo. Maumivu makali yanayokaa sehemu moja, uvimbe, au kuchechemea ni ishara ya kusimama na kwenda kituo cha afya. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida kunahitaji huduma ya haraka hospitalini.

Vilabu vya mbio vina nafasi kubwa katika hili. Klabu inayokutana Jumamosi inaweza kutenga dakika 15 za mwisho kwa mazoezi ya nguvu ya pamoja, na kuwapongeza waliohudhuria mfululizo kwa mwaka mzima kama inavyowapongeza waliotangulia kumaliza. Faida ya mbio kwa moyo, mishipa ya damu na uzito hupatikana kwa miaka, na mwenye kuivuna ni yule ambaye magoti yake bado yanamruhusu kutoka nyumbani alfajiri akiwa na umri wa miaka 60.