Mswaki, Mti wa Kwetu

Ukitaja habari ya kupanda miti, wengi wetu hufikiria mkaratusi mara moja. Ni mti wa kukua mbio, unanyooka, unatoa nguzo na mbao. Lakini mkaratusi si mzaliwa wa Kenya. Asili yake ni Australia, nao uliletwa huku mnamo 1902 ili zipatikane kuni za kuendeshea magari ya moshi ya Reli ya Uganda. Mathenge nao ni mgeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulipandwa Hola na Bura, ng'ambo ya mto Tana, ili watu wa mashamba ya kunyunyizia maji wapate kuni. Leo sote tunajua mathenge umetufanya nini.

Basi safari hii tumeona tuzungumze juu ya mti ambao hakuna aliyetuletea. Tunapita karibu nao kila siku hapa Masalani, na wengi wetu tumeutia mdomoni asubuhi ya leo. Ni mswaki. Wasomali huuita caday, na Wasamburu huuita sokotei. Wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica, jina lililoandikwa na Linnaeus mnamo 1753.

UTAUTAMBUAJE?

Mara nyingi mswaki si mti mrefu. Huwa kichaka kikubwa chenye matawi yanayoinama, ingawa ukiachwa unaweza kufika mita 6 hivi. Majani yake hukaa mawili mawili, yakitazamana, nayo ni manene kidogo kama yenye maji ndani. Maua ni madogo sana. Matunda ni kama shanga, na yakiiva huwa mekundu au ya zambarau. Watoto wanayajua: ni matamu, lakini yana ukali kidogo ulimini. Ndege huyala na kupeleka mbegu mbali.

Jambo la ajabu ni kwamba mswaki hubaki kijani hata wakati wa kiangazi. Mizizi yake huenda chini sana kutafuta maji, na unavumilia ardhi ya chumvi ambayo miti mingi haiwezi.

KWA NINI UNASAFISHA MENO?

Si ati ni mazoea ya wazee tu. Ukitafuna mzizi wake unasikia ukali kama wa haradali. Kumbe ni jamaa! Mswaki uko katika ukoo mkubwa mmoja na haradali, sukuma wiki, mpapai na mlonge. Tafuna mbegu ya papai utasikia ukali wa namna hiyo hiyo. Ukali huo unatokana na kitu kiitwacho benzaili isothiosayaneti. Mnamo 2011 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba kitu hicho, kikitoka katika mzizi wa mswaki, kinaua aina fulani za vijidudu vinavyoharibu fizi. Tena nyuzi za mzizi zenyewe zinasugua uchafu.

Majirani zetu Waislamu wamehimizwa na dini yao tangu zamani kutumia mswaki, hasa kabla ya sala. Hata Shirika la Afya Duniani, mnamo 1987, liliunga mkono matumizi ya vijiti hivi mahali ambapo watu wamevizoea. Na kwa wasomaji wa Biblia: katika karne ya 19 kulikuwa na wataalamu waliodhani kwamba mti wa haradali unaotajwa katika Injili ndio huu mswaki. Siku hizi wengi hawakubali, lakini mnaona jinsi ukali wake ulivyowafanya watu wafikiri.

JINSI YA KUUTUMIA VIZURI

1. Chukua kijiti kibichi, unene wa kidole kidogo, urefu wa shibiri moja.
2. Menya ganda kiasi cha sentimita moja, utafune mpaka nyuzi zitokee. Kikiwa kimekauka, kiloweke kwanza.
3. Sugua taratibu kutoka kwenye fizi kuelekea ncha ya jino. Ukisugua kwa nguvu utaumiza fizi.
4. Usisahau magego na upande wa ndani. Wengi husugua meno ya mbele tu, yale yanayoonekana wakicheka!
5. Kata ncha iliyotumika, utafune mpya. Usiazimane kijiti na mtu.

Tuseme ukweli pia. Kijiti peke yake hakina floraidi ya kutosha kulinda jino lisitoboke. Mwenye uwezo atumie na dawa ya meno. Na jino likishatoboka, mswaki hautaliponya. Nenda kwa daktari.

CHAKULA CHA MIFUGO

Ngamia na mbuzi wanapenda majani ya mswaki. Katika ukame wa 2020 hadi 2022, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, nyasi ziliisha kabisa. Wakati kama huo, mti uliobaki kijani ni hazina. Lakini kwa sababu majani yana chumvi nyingi, mnyama aliyekula mswaki anahitaji maji.

Linganisha na mathenge. Maganda yake yana sukari inayoshika kwenye meno ya mbuzi mpaka yanaoza. Katika miaka ya 2000 wakazi wa Baringo waliishtaki serikali kwa ajili ya mti huo, wakampeleka mahakamani Nairobi mbuzi asiye na meno ili hakimu ajionee. Mti mmoja unasafisha meno, mwingine unayang'oa!

HATARI ILIYOPO

Mzizi ndio unaopendwa kuliko tawi, na mzizi ni uhai wa mti. Mtu akichimba mti mzima ili apate mafungu machache ya kuuza, amepata pesa ya leo na kupoteza ya kesho. Huku mathenge unafunga kingo za mto na malisho, na mswaki unakosa nafasi. Tukiendelea hivi, watoto wetu watanunua vijiti vilivyotoka mbali, wakati zamani walikuwa wakivikata nyuma ya nyumba.

TUFANYE NINI?

Kwanza, ukichimba, chimba upande mmoja tu. Chukua mzizi mmoja au miwili ya pembeni, ufukie shimo, uuache mti huo upumzike. Matawi madogo pia yanafaa kwa meno, na mswaki uliokatwa tawi huchipua tena.

Pili, tupande. Chukua matunda yaliyoiva, uyaoshe mpaka nyama yote iondoke, kwa maana nyama hiyo huzuia mbegu isiote. Panda mbegu zikiwa bado mbichi, kwenye kopo au mfuko, na uzilinde na mbuzi mpaka miche ipate nguvu.

Tatu, ukifyeka mathenge shambani au kando ya boma, tazama chini yake. Ukikuta mche wa mswaki, uache.

Mkaratusi una mahali pake, hatuupingi. Lakini huku kwetu kwenye jua kali na udongo wa chumvi, mti uliozaliwa hapa unaijua kazi yake. Kila nyumba ikipanda mmoja tu karibu na boma, watoto watapata mswaki na mbuzi watapata majani kiangazi kijacho kikifika. Na kitafika.