Bangili isiyo na mama

Niliinunua katika duka la zawadi mjini Arusha. Kibandiko kilisema imeshonwa na akina mama wa Kimaasai, nami nikaamini. Siku chache baadaye nilikuwa Monduli, nimeketi kivulini na mama mmoja mshona shanga ambaye pale kila mtu humwita yeyo, yaani mama. Akaiona mkononi mwangu, akaomba nimpe. Upande wa juu hakuutazama hata kidogo. Aliigeuza, akapitisha kidole gumba kwa ndani.

"Hii haina mama, mwanangu."

Ndani ya bangili yangu kulikuwa na gundi. Ndani ya ile aliyoishona yeye, uzi wa nailoni ulikuwa unarudi nyuma kila baada ya shanga kadhaa na kukazwa upya, ili siku ukikatika zidondoke chache, si zote. Kati ya safu na safu alikuwa amepitisha ukanda mwembamba wa plastiki, alioukata kwa wembe kutoka kwenye dumu la mafuta ya kula. Ukanda huo ndio unaozisimamisha safu zisilale. Zamani, anasema, ilikuwa ngozi.

Akamimina shanga kiganjani, akakiinamisha. Zilizo sawa hujipanga zenyewe; zilizovimba upande mmoja huzitupa kwenye kopo la watoto. Nzuri kuliko zote hutoka Jamhuri ya Cheki, na huzinunua ingawa ni ghali, kwa sababu rangi yake haichujuki kwa jasho.

Nikamtajia maana za rangi kama zinavyosimuliwa watalii: nyekundu damu, nyeupe maziwa, buluu mbingu, kijani nyasi. Akakubali, lakini kwa uvivu. Kwake jambo kubwa ni rangi gani inafuata ipi, na wapi mfululizo unakatwa. Wa kwao wakiuona mpangilio hujua mvaaji ametoka upande gani. Kwenye bangili yangu rangi zilikimbizana tu. "Kama mtu anayeongea bila kupumua," alisema, akanirudishia.

Habari za kunyang'anywa ubunifu wetu tunazijua. Louis Vuitton, katika mavazi yake ya mwaka 2012, ilitumia mistari ya shuka la Kimaasai. Kabla ya hapo kampuni moja ya Uingereza ilitaka kusajili jina la kikoi kama alama yake. Nao mkataba wa haki miliki uliopitishwa Geneva Mei 2024 unahusu rasilimali za jenetiki na maarifa ya jadi yanayoambatana nazo; mapambo kama ya yeyo haumo ndani yake. Nilimweleza hayo, akasikiliza kwa adabu. Kinachomuuma yeye kiko karibu zaidi: dalali anayefika bomani na bei mfukoni, akaitaja kabla hajakaribishwa kigoda. Siku akiuza mwenyewe, bei huitaja yeye, na anayetaka punguzo huonyeshwa kwanza ule upande wa ndani.

Ng'ombe wana wenyewe, anasema, lakini hela ya shanga ni yake: ada ya shule, unga, na mbuzi mmoja aliyemnunua bila kumuuliza mtu. Nikauliza kama ni yake siku zote. Akaweka shanga nne kwenye uzi, ya tano ikamponyoka, na hakunijibu.

Nilibaki pia na swali langu. Shanga za Ulaya, plastiki ya dumu, uzi wa dukani: cha Kimaasai hapo ni kipi? Nadhani ni yale maamuzi ya vidole vyake, na hayo ndiyo tunayoyalipia au tunayoyaiba. Ila sijui sheria gani ingeweza kuyaandika.

Ukifika Arusha, au soko lolote linalouza kazi hizi, igeuze bangili kwanza. Kisha muulize muuzaji jina la aliyeishona. Kama halijui, irudishe mezani, uende meza inayofuata.