Mwani mezani: lipi kweli, lipi si kweli

Siku hizi mwani hauuzwi kwa gunia tu. Unguja na Pemba, na hata Kibuyuni katika kaunti ya Kwale, vikundi vya kina mama vinautia kwenye jamu, juisi na achari, na wengine wanausaga unga. Pamoja na bidhaa hizo zimekuja habari za soko la ng'ambo: mara Ulaya inautaka sana, mara imeukataa, mara cheti kimoja kinatosha, mara hakuna cheti kitakachotosha. Haya ndiyo yanayorudiwa zaidi.

"Mwani wetu tayari unaliwa Ulaya, basi soko la chakula liko wazi."

Nusu kweli, na nusu hiyo ndiyo inayopoteza watu. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino, nyuma yake kukiwa na utafiti wa miaka mingi wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Leo kinawashughulisha watu zaidi ya 20,000, wengi wao wanawake, wanaoingia majini nyakati za bamvua kufunga mbegu kwenye kamba kwa vikamba viitwavyo taitai. Wanachokianika na kukiuza karibu chote huishia viwandani, kutolewa karagenani, unga unaogandisha na kushika maji. Aina ya mwani iitwayo spinosum hutoa karagenani laini. Ile iitwayo cottonii hutoa ngumu na bei yake ni nzuri zaidi, ila joto la bahari limekuwa likiiua.

Mlaji wa Ulaya anakutana na mwani huo ndani ya aiskrimu, maziwa ya chokoleti na nyama za kusindika. Kwenye pakiti umeandikwa E407, au E407a ikiwa mwani umesafishwa tu bila karagenani kukamuliwa yote. Hapo mwani ni kiongeza cha chakula, na vipo vipimo na kanuni za viongeza. Mwani uleule ukipelekwa kama mboga ya kuliwa, ruhusa ya E407 haiufuati. Utaulizwa maswali mengine kabisa.

"Kitu walichokula mababu hakiwezi kuitwa chakula kipya."

Si kweli, na mfano uko midomoni mwetu. Ubuyu, huu huu tunaonunua nje ya shule, uliruhusiwa kuuzwa Umoja wa Ulaya mwaka 2008 kama chakula kipya. Watu wa pwani walikuwa wameumung'unya vizazi na vizazi, lakini sheria haikuuliza habari za pwani. Kanuni inayotumika sasa, namba 2015/2283, inauliza jambo moja: je, chakula hiki kililiwa kwa kiwango cha kuonekana ndani ya Umoja wenyewe kabla ya tarehe 15 Mei 1997? Kama hakikuliwa, au kililiwa lakini hakuna anayeweza kuonyesha hivyo, ni kipya.

Inauma kusikia chakula cha bibi yako kikiitwa kipya, na naona maumivu hayo ni halali. Lakini kipimo hiki hakisemi chochote kuhusu umri wa chakula. Tazama spirulina, uoto mdogo sana wa majini. Wanawake wa Kikanembu kando ya Ziwa Chad huichota, huianika mchangani ikawa dihé, kama wanavyoiita, kisha huipikia mchuzi. Ni ndugu ya ile inayowalisha heroe wadogo wa Natron na Bogoria. Spirulina haikuitwa chakula kipya, kwa sababu maduka ya Ulaya yalikuwa yameshaiuza kabla ya 1997. Spirulina na ubuyu vyote ni vyakula vya kale vya Afrika. Kimoja kilitangulia kufika dukani, na tofauti ni hiyo tu.

"Cha baharini ni cha asili, hakihitaji kupimwa."

Si kweli, na katika yote haya ndilo linalonitisha zaidi, maana linasemwa na watu wema wanaomuuzia jirani. Mwani hunyonya kilichomo majini, kizuri na kibaya. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 hivi za madini joto kwa siku. Gramu moja tu ya kombu kavu, mwani wa kahawia wa Japani, yaweza kufika mikrogramu 2,000. Kiasi hicho kikirudiwa kila siku huivuruga tezi ya shingo, na mama mjamzito ana sababu zaidi ya kujihadhari. Ndiyo maana Ufaransa, iliyotangulia Ulaya kuweka viwango vya mwani wa kula, imeweka kikomo cha madini joto: miligramu 2,000 kwa kilo ya mwani mkavu. Mwani wetu mwekundu kwa kawaida una madini joto machache kuliko kombu. Hata hivyo, "kwa kawaida" si jibu la maabara.

Hijiki, mwani mwingine wa Japani, una aseniki ya aina mbaya kiasi kwamba mwaka 2004 mamlaka ya chakula ya Uingereza iliwashauri watu wasiule kabisa. Kuna pia kadimiamu na risasi. Kwa hiyo mahali kamba zilipofungwa ni sehemu ya bidhaa: shamba lililo karibu na bomba la maji machafu haliwezi kutoa mwani sawa na shamba la mbali. Mahali pa kuanikia napo pana uzito wake. Mwani wa kiwandani uliweza kuvumilia mchanga, lakini wa kula unataka chanja.

"Spirulina inampa asiyekula nyama vitamini B12."

Si kweli. Nyingi ya B12 iliyomo ni ya sura ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuitumia. Protini inayo, tena nyingi.

"Karagenani inaleta saratani."

Haijathibitishwa. Hofu hii imetokana kwa sehemu kubwa na kuchanganya vitu viwili. Karagenani ikipikwa kwa asidi kali huvunjika ikawa kitu kingine, kiitwacho poligini, ambacho kimewaletea wanyama wa maabara vidonda vya utumbo na hakiruhusiwi katika chakula. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliipitia karagenani yenyewe upya mwaka 2018, ikaweka kikomo cha muda cha miligramu 75 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku, na ikataka takwimu zaidi. Huko si kuihukumu, na wala si kuisafisha moja kwa moja.

"Kanuni hizi zilitungwa kuwafungia mlango wakulima wadogo."

Kwa maandishi, si kweli. Kwa gharama, mdogo huumia zaidi, maana mashine za maabara hazimpunguzii bei. Lakini kuna njia ambayo haisemwi vya kutosha. Kanuni ileile imefungua mlango wa vyakula vya jadi kutoka nje ya Umoja. Ukionyesha kwamba chakula kimeliwa salama kwa miaka 25 au zaidi, kama mlo wa kawaida wa watu wengi katika nchi moja, na ukaambatisha vipimo vyake, nchi wanachama na mamlaka ya usalama zina miezi 4 ya kuleta pingamizi. Fonio, nafaka ya Afrika Magharibi, ilipita hapo mwaka 2018. Mwani nao unakubalika kupita njia hiyo.

Februari 2024, Tume ya Ulaya ilitangaza kwamba aina zaidi ya 20 za mwani zimeongezwa kwenye orodha ya vyakula visivyohesabiwa kuwa vipya. Sheria haikubadilika hata nukta. Zilipatikana kumbukumbu za kuonyesha kwamba aina hizo zililiwa Ulaya kabla ya 1997.

Kwa hiyo kikundi chenye achari nzuri kianze na orodha hiyo, kikitafuta jina la kisayansi la mwani wake, maana "mwani" pekee halitoshi kwa ofisa yeyote. Ikiwa aina yake haimo, kiangalie nje ya nchi yake. Sheria inadai miaka 25 katika nchi moja, bila kusema iwe nchi ya muuzaji. Katika visiwa vya Visaya, Ufilipino, kulikotoka mbegu zetu, watu hula mwani wa jamii hiyohiyo kama kachumbari, wakiuita guso. Ushahidi wa ulaji waweza kutoka huko. Vipimo vya madini joto, aseniki na kadimiamu lazima vitoke kwenye mwani wa Paje, Unguja, au wa Kibuyuni wenyewe.