Mwalimu wa Kompyuta Husomea Mara Mbili

Yuko mtu aijuaye kompyuta sana, lakini umpapo darasa la watoto thelathini hubabaika. Kujua kazi ni jambo moja, kuifundisha ni jingine.

Uingereza wameliona hilo. Septemba 2014 somo la zamani la kutumia kompyuta tu liliondolewa, likaja la kutunga programu na kuelewa jinsi mashine ifanyavyo kazi. Basi walitakiwa walimu wapya. Njia yao moja ni hii: mtu humaliza kwanza digrii, kisha husomea ualimu mwaka mmoja. Siku nyingi za mwaka huo yumo shuleni, tena katika shule mbili au zaidi, mwalimu mzoefu akimtazama na kumsahihisha.

Hata hivyo hawakutosha. Tangu 2012 hadi 2017 walipatikana wanafunzi 68 tu katika kila 100 waliotakiwa, maana makampuni huwavuta mafundi kwa mshahara mnono. Ndipo mwaka 2018 serikali ilipoanza mpango wa pauni milioni 84, kuwaongezea ujuzi hata walimu wasiopata kulisomea somo hilo.

Mashine hununuliwa kwa siku moja, mwalimu sivyo. Basi mwanao mwenye digrii akitaka kushika chaki, usimwambie amepoteza masomo yake.