Grafu Si Pambo la Daftari

Imekuwa ada katika shule zetu nyingi za upili kwamba milinganyo miwili yenye herufi mbili zisizojulikana ikiisha kufundishwa kwa njia ya kuondoa herufi moja, na kwa njia ya kuweka thamani mahali pa herufi, ile njia ya tatu ya grafu hupitiwa mbiombio, mithili ya mgeni aliyefika vyombo vimekwisha kuoshwa. Mwalimu huchora mistari miwili ubaoni, huonyesha inapokatana, na kengele hulia. Mwanafunzi naye, ambaye jicho lake li kwenye mtihani wa kitaifa, huona kwamba kuondoa herufi kunampa jibu upesi, ilhali grafu inamdai rula, penseli iliyochongwa, karatasi ya miraba na robo saa nzima. Ataichagua ipi? Simlaumu.

Linalonikera ni matokeo yake. Hapa Kanduyi nimewauliza wanafunzi waliopata x kuwa 50 na y kuwa 5,500, tena bila kosa hata moja, kwamba nambari hizo zinasema nini. Wengi hunyamaza. Mmoja alinijibu, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, ndilo jibu." Mtoto anayejua kufika lakini hajui alikofika amefundishwa nusu.

Na Kanduyi si mahali pa kukosa mifano. Hapa ndipo njia ya kuingia mjini Bungoma inapochepuka kutoka barabara kuu ya Webuye hadi Malaba, na malori hayaishi kupita mchana na usiku. Tuseme mfanyabiashara ananunua mahindi Kitale na anatafuta lori la kuyaleta huku. Mwenye lori la kwanza anataka shilingi 3,000 za safari, kisha shilingi 50 kwa kila gunia. Wa pili hataki malipo ya safari, bali anatoza shilingi 110 kwa gunia. Weka idadi ya magunia kwenye mhimili mlalo na gharama kwenye mhimili wima. Mstari wa kwanza utaanzia juu, kwenye 3,000, na kupanda taratibu. Wa pili utaanzia kwenye sufuri na kupanda kwa ukali. Itakatana kwenye magunia 50 na shilingi 5,500.

Aliyeondoa herufi amepata nukta hiyo tu. Aliyechora ameona na pande zake zote mbili: chini ya magunia 50 lori la pili ni nafuu, juu ya hapo ni la kwanza. Mfanyabiashara hajali sana kuhusu magunia 50 kamili, maana ni nadra awe na 50 barabara. Anachotaka kujua ni yuko upande gani wa nukta hiyo. Mzazi mmoja aliyeniuliza mistari hii itamfaa nini mwanawe sokoni nilimchorea mfano huu nyuma ya risiti, na akaichukua ile risiti akaenda nayo.

Sasa tuseme wenye malori wote wawili wanatoza shilingi 50 kwa gunia, ila mmoja anadai 3,000 za safari na mwingine 2,500. Mwanafunzi wa kuondoa herufi atatoa mlinganyo mmoja katika mwingine na kubaki na kioja: sufuri ni sawa na 500. Nimeona daftari ambamo mstari huo umefutwa mara tatu hadi karatasi ikatoboka, kwa kuwa mwenyewe aliamini amekosea. Hakukosea hata kidogo. Mistari hiyo ni sambamba, mmoja daima uko juu ya mwenzake, na hakuna idadi ya magunia itakayoilinganisha gharama. Kwenye grafu jambo hili huonekana kabla ya penseli kutua mezani.

Wapo wanaodai kwamba grafu ni mchezo wa darasani usiotumika popote. Na watazame reli. Ile reli ya zamani inayopita Webuye na Bungoma kuelekea Malaba, ambayo kwa kuvuka mpaka ilifika Kampala mwaka wa 1931, ni ya njia moja. Treni mbili zinazokabiliana haziwezi kupishana ila kwenye stesheni yenye njia ya pembeni. Duniani kote wapangaji wa reli za namna hii wameutegemea mchoro: saa huwekwa kwenye mhimili mmoja, umbali kwenye mwingine, na kila treni huwa ni mstari. Katika karne ya 19 Mfaransa Étienne-Jules Marey alichapisha mchoro wa aina hiyo wa treni za Paris na Lyon, na wanaopenda grafu wangali wanautazama hadi leo.

Chukua stesheni mbili zilizo umbali wa kilomita 90. Treni moja inaondoka saa mbili asubuhi kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Nyingine inaondoka upande wa pili saa tatu, kwa mwendo uo huo. Mistari itakatana saa nne, kwenye kilomita ya 60. Lakini je, ikiwa njia ya pembeni iko kwenye kilomita ya 45? Treni ya kwanza itafika hapo saa tatu u nusu na kungoja hadi saa nne u nusu. Kungoja huko kwenye grafu ni mstari uliolala, kwa maana saa zinakwenda na umbali hauongezeki. Makutano hapa ni roho za watu.

Haki itendeke: grafu ina udhaifu wake, na kuuficha ni kuwadanganya wanafunzi. Mistari inayokaribia kuwa sambamba ni hatari. Mstari wa y = x na ule wa y = 1.1x − 1 hukatana x ikiwa 10. Ukiteleza kidogo tu ukachora y = 1.1x − 1.1, makutano yanahamia 11. Hapo ndipo kuondoa herufi kunapostahili heshima yake, nayo ni njia kongwe. Wachina waliitumia takriban miaka 2,000 iliyopita, ilhali kuigeuza milinganyo kuwa michoro kulishika kasi baada ya kitabu cha Descartes cha mwaka wa 1637.

Rai yangu ni kwamba grafu itangulie. Wanafunzi wachore kwanza, wakisie jibu, ndipo waondoe herufi ili kuhakikisha. Karatasi maalumu isiwe kisingizio, maana daftari la miraba la shule ya msingi latosha. Tena wakifika kidato cha nne, wanapotakiwa kutafuta faida kubwa kabisa chini ya masharti kadhaa, watakuta ni kazi ile ile, ila mistari imeongezeka.

Darasa moja nililipa lori la tatu, linalotoza shilingi 5,200 kwa safari, magunia yawe mangapi. Walichora mstari uliolala wakaanza kubishana. Hadi magunia 47 lori la pili ndilo nafuu. Kuanzia 48 ni hili jipya. Msichana mmoja wa nyuma ndiye aliyegundua kwamba mwenye lori la kwanza hana tena hata mteja mmoja, akataka kujua apunguze bei ipi, ile ya safari au ile ya gunia.