"Mali ya Abdulla": Chapa ya Biashara Kama Matini Katika Leso za Mombasa

Wanafunzi wa fasihi tunapoichambua leso, aghalabu huanza na jina, yaani ule usemi ulioandikwa chini ya mji. Twauliza linamsema nani, linajibu nini. Makala haya yanakusudia kueleza kwamba leso hubeba pia maandishi mengine madogo, nayo ni chapa ya mwenye biashara. Mfano wetu ni "K.H.E. – Mali ya Abdulla".

Herufi hizo tatu ni kifupisho cha Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara mwenye asili ya Bara Hindi aliyejulikana zaidi kwa jina la Abdulla. Biashara ya familia yake ilianzishwa Mombasa mwaka 1887, na duka lao la Mtaa wa Biashara, si mbali na Mji wa Kale, likapata sifa pwani nzima. Masimulizi humtaja kuwa ndiye aliyeanza kutia majina katika leso mwanzoni mwa karne ya 20. Majina ya awali yaliandikwa kwa hati za Kiarabu. Za Kirumi zilifuata baadaye.

Kwa nini chapa ilihitajika? Leso hizo hazikupigwa chapa Mombasa. Wafanyabiashara waliagiza kutoka viwanda vya India, Ulaya na Japani, kabla ya viwanda vya Kenya na Tanzania kuingia katika kazi hiyo. Kiwanda kimoja kiliweza kuwahudumia wenye maduka wengi, na nakshi iliyopendwa haikukosa waigaji. Chapa, pamoja na nambari ya nakshi, ilibainisha mzigo ni wa nani.

Kiisimu, neno "mali" hapa lina maana mbili: bidhaa na milki. Dukani, maana zote mbili ni kweli. Leso ikishanunuliwa, milki inahamia kwa mwanamke, naye ndiye atakayelitumia jina kumjibu jirani au kumtuza mwenziwe. Hata hivyo, nguo yake ingali yatangaza kwamba ni ya Abdulla. Matini moja, basi, ina sauti mbili: ya mfanyabiashara na ya mvaaji.

Athari yake kwa utafiti si ndogo. Jina moja laweza kurudiwa katika leso za wafanyabiashara tofauti, na katika miaka tofauti. Anayenakili jina peke yake hukusanya semi tu. Hawezi kubainisha zilitoka duka gani wala kuzilinganisha kwa wakati. Aidha, doti hukatwa na kupindwa kabla ya kuvaliwa, na leso iliyochakaa huishia kuwa mbeleko au tambara. Maandishi ya pembeni huweza kupotea mapema.

Tunapendekeza kwamba kila anayekusanya majina ya leso anakili pia pindo, mji, chapa na nambari ya nakshi. Pasipo hayo, tutakuwa na hazina ya semi zisizo na historia.